Pedeli ya klachi inayolala chini: kisa cha Impreza WRX ya foleni ya jioni

Gari liliingia gereji Jumatatu saa nne asubuhi likiendeshwa vizuri kabisa. Gia zinaingia, klachi inakamata, hakuna mlio. Subaru Impreza WRX ya 2002, bodi ya GDA, injini ya EJ205 yenye turbo, giaboksi ya gia tano. Mwenye gari, kijana anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, na kuishi Mbezi Beach, alishuka akafungua buti kabla hata ya boneti. Akatoa klachi pleti, ile sahani inayokamata injini, na presha pleti inayoibana, zimefungwa kwenye gazeti.

"Fundi, hivi ndivyo vilivyotolewa. Wiki tatu zilizopita nimewekewa seti nzima mpya. Na pedeli bado inakwama."

Niliichukua ile pleti nikaipeleka kwenye mwanga. Ribiti zake zilikuwa zimezama; ukipitisha ukucha juu ya uso wake, ukucha unatumbukia kwenye kila tundu. Mifereji inaonekana bado. Hakuna rangi ya bluu ya kuungua, hakuna harufu. Vidole vya springi ya presha pleti vyote vimelingana. Vitu hivi vilikuwa na miaka mbele yake, na giaboksi ilishushwa bure.

Kwa gari hili, kushusha giaboksi si kazi ya mchezo. Klachi yake ni ya kuvuta, si ya kusukuma kama ya magari mengi. Rilizi beringi, ile inayovutwa na uma ili klachi iachie, imejibana kwenye springi ya presha pleti, kwa hiyo huwezi kuitenganisha giaboksi na injini mpaka ufungue kizibo cha ubavuni, uvute shafti ya uma wa klachi, ndipo uma uachie. Asiyejua hilo huvunja vitu. Aliyefanya kazi ile alijua, maana hakuna kilichovunjika, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Kosa lake ni kwamba alianza na spana wakati alipaswa kuanza na swali.

Malalamiko yalikuwa hivi. Asubuhi gari halina tatizo lolote. Jioni, akitoka Posta kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, foleni ikianza kukaza Morocco, pedeli inaanza kulainika. Akifika Mwenge, baada ya dakika arobaini hivi za kusogea na kusimama, anakanyaga inashuka mpaka chini na haipandi. Analazimika kuingiza ncha ya kiatu chini yake na kuivuta juu. Akiipampu haraka mara tatu au nne, inarudi na nguvu kidogo, anapata gia, anasogea, kisha inalala tena. Akifika nyumbani akiacha gari lipoe nusu saa, pedeli inakuwa mpya. Mafuta kwenye kikopo cha klachi hayapungui. Chini ya gari hakuna tone.

Swali nililomuuliza ni moja tu: "Pedeli ikiwa imelala chini yenyewe, na gari liko gia ya kwanza, linataka kwenda au limetulia?"

Alifikiri. "Linataka kwenda. Nashika breki lisimgonge wa mbele."

Jibu hilo liliondoa nusu ya vitu ambavyo vingeweza kuwa vibaya, na nataka nieleze kwa nini, maana hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotelea.

Neno "kukwama" linatudanganya. Mtu akisikia pedeli imekwama, anafikiria kitu kimekaza: bushi imeshika kutu, uma umekwama, beringi imeganda. Lakini jiulize pedeli ya klachi ya mafuta inarudishwa juu na nini. Hairudishwi na springi ya pale miguuni. Kwenye WRX hii, kama ilivyo kwenye magari mengi ya spoti yenye presha pleti ngumu, springi ya pedeli imewekwa kumsaidia dereva. Ukikanyaga ukipita katikati, springi inageuka upande na kusukuma pedeli kwenda chini pamoja na mguu wako. Kinachoipandisha pedeli ni springi ya presha pleti yenyewe, kule nyuma ya injini. Inasukuma uma, uma unasukuma fimbo ya slevu (silinda ndogo ya kwenye giaboksi), slevu inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni ya masta (silinda ya upande wa pedeli), na masta inainua pedeli. Mnyororo huo ukikatika popote, hakuna wa kuipandisha, na springi ya pale juu inaishikilia sakafuni. Pedeli haikushikwa na kitu. Imeachwa tu.

Sasa swali. Pedeli ikiwa chini na gari limetulia, maana yake klachi bado imeachia: presha imefungiwa kule kwenye slevu na haiwezi kurudi. Hapo mtuhumiwa ni paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani ikawa kama mlango wa upande mmoja, au uma na beringi vinavyoshika. Pedeli ikiwa chini na gari linataka kwenda, maana yake klachi imekwisha kamata: presha imetoroka, na pleti, beringi na uma viko sawa. Mtuhumiwa ni mafuta yanayochemka au yenye hewa, au masta inayopitisha kwa ndani. Vyote hivyo viko juu. Hakuna hata kimoja kinachohitaji giaboksi ishuke.

Kuna magari ambayo faraja hii haipo. Nissan 350Z za kuanzia 2007 na 370Z zina slevu iliyo ndani ya giaboksi, imeizunguka shafti, na ikivuja hakuna njia ila kushusha. Lakini Impreza hii slevu yake iko nje, juu ya giaboksi, chini ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo. Unaiona kwa macho.

Nilianza na yaliyo rahisi, kwa sababu rahisi pia huharibika. Nilitoa kapeti ya mguuni; kapeti nene iliyojikunja imewahi kuniletea gari la watu. Nikatoa pini inayounganisha pedeli na fimbo ya masta, nikaisogeza pedeli kwa mkono. Ilipita laini, ikageuka na springi yake kama inavyotakiwa. Bushi zina uchezi kidogo lakini hazishiki. Nikalala chali na tochi kuangalia mabano ya pedeli, maana kwenye Impreza za miaka hii welding za pale hupasuka, na zikipasuka pedeli hupoteza mwendo huku kila kitu kingine kikiwa kizima. Welding zilikuwa nzima. Nikapitisha kidole kwenye kifuko cha mpira nyuma ya masta, pale fimbo inapoingilia. Kavu. Kama masta inavuja kuja ndani ya gari, rangi ya pale huanza kutoka, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi. Hapakuwa na dalili.

Kisha kikopo. Mafuta yalikuwa meusi kama kahawa ya kwenye birika la kuzunguka nalo mtaani. Mafuta ya breki mapya yana rangi ya maji au ya asali nyepesi. Weusi ni raba inayosagika pamoja na umri. Kwa kuwa sikujua kilichomiminwa humo na waliotangulia, nilichota kidogo kwa bomba la sindano nikadondoshea kwenye glasi ya maji. Jaribio hili halina gharama na lingekuwa kawaida kila gereji. Mafuta ya breki huyeyukia kwenye maji. Oili ya injini au ya giaboksi hukaa juu na kutengeneza macho. Mtu akiwahi kuongezea oili kwenye kikopo cha klachi, raba zote za mfumo huvimba, na hapo hubadilishi kitu kimoja. Unabadilisha kila chenye raba. Glasi yangu ilikuwa na wingu jeusi lililoyeyuka lote. Tulikuwa salama upande huo. Lakini kalamu ya kupimia maji yaliyomo kwenye mafuta iliwaka taa nyekundu: maji yamezidi.

Hilo la maji lina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa kwetu Pwani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani taratibu, kupitia mipira na kila mara kifuniko kinapofunguliwa. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya lazima istahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 hivi, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikishuka hadi 155. Gari lenye turbo, limesimama foleni, hewa haipiti, joto lote linabaki chini ya boneti. Mafuta yakichemka sehemu moja tu, hutoa mvuke, na mvuke hubanwa badala ya kusukuma.

Na haihitajiki mvuke mwingi. Chukua masta yenye upana wa ndani wa milimita 16 na mwendo wa milimita 30. Piga hesabu: inasukuma mililita sita tu kwa kanyago zima. Kijiko kimoja cha chai na kidogo juu yake. Kijiko hicho ndicho kinachobeba kazi yote ya kuitenganisha injini na magurudumu. Povu la ukubwa wa punje ya harage likiingia katikati, sehemu ya mwendo imekwenda.

Nilimwambia kijana: "Leo nabadilisha mafuta tu. Inawezekana yakawa dawa, inawezekana yasiwe, lakini yatatuambia kitu." Hakufurahi. Alitaka kitu kibadilishwe ambacho angekishika mkononi. Namwelewa, ameshalipa zaidi ya milioni kwa seti ya klachi na bado anavuta pedeli kwa kiatu. Lakini mafuta ndiyo kipimo cha bei ndogo kuliko vyote, na yasingebadilishwa, kila kipimo cha baadaye kingekuwa na shaka ndani yake.

Tulitoa intakula: bolti mbili za namba 12, mipira miwili, na valvu ya upepo. Tukafunga mrija wa dripu kwenye nipeli ya slevu, tundu la skrubu la kutolea mafuta na hewa, tukasukuma mafuta meusi mpaka yakatoka masafi ya DOT 4. Nikapima pia mwendo wa fimbo ya slevu kwa rula ndogo wakati msaidizi anakanyaga: milimita 13, gari likiwa baridi. Nikaandika kwa chaki kwenye ukuta.

Siku kumi alikaa kimya. Siku ya kumi na moja, Ijumaa jioni, akapiga simu yuko Mwenge. Tatizo limerudi, ila limechelewa. Sasa limemchukua zaidi ya saa nzima kulala. Nikamwambia asiende nyumbani, aje moja kwa moja, na asizime gari mpaka afike.

Alifika saa moja na nusu usiku. Hiki ndicho kipindi cha kisa ambacho ningeomba kila fundi akipe muda, kwa sababu gari lenye ugonjwa wa joto ukilipima asubuhi ni kama kumpima mgonjwa siku ambayo hana homa. Tulivaa glovu za ngozi na miwani, tukatoa intakula ikiwa bado inachoma. Pedeli ilikuwa imelala. Nikafunga mrija wa dripu kwenye nipeli, mwisho wake ukiwa ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, nikafungua nusu mzunguko.

Kama presha ingekuwa imefungiwa kwenye slevu, mafuta yangeruka na fimbo ingerudi ndani mbele ya macho yetu. Hayakuruka. Yalitiririka polepole kwa uzito wake mwenyewe. Hilo lilithibitisha jibu la lile swali la kwanza. Nikaushika mrija mbele ya tochi nikitafuta povu. Kama ni mvuke au hewa, mrija wa dripu hauwezi kuficha. Utaona shanga ndogo ndogo zikipita. Hazikuwepo. Mafuta yalikuwa masafi, yamejaa, hayana hata kitone cha hewa.

Kwa hiyo mafuta hayakuwa yanachemka safari hii. Na bado presha ilikuwa inatoroka, na bado kikopo kilikuwa kimejaa. Presha inayotoroka bila mafuta kupungua ina mahali pamoja pa kwenda: inapita kando ya raba ya pistoni ya masta na kurudi kwenye kikopo. Nilifunga nipeli, nikapampu pedeli mpaka ikapata nguvu, nikapima fimbo ya slevu. Milimita 7. Msaidizi akaendelea kushikilia pedeli pale pale bila kuongeza nguvu, na fimbo ikawa inarudi ndani huku naitazama, kama mshale wa saa.

Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, nilifanya jaribio lingine ambalo mwenye gari yeyote anaweza kulifanya mwenyewe kwenye uwanja mtupu na ulio tambarare. Washa injini, kanyaga klachi, ingiza gia ya kwanza, mguu wa kulia uwe tayari juu ya breki. Usiikanyage klachi kwa nguvu. Ishushe pole pole sana na uishikilie. Gari lenye masta nzima litasimama hapo hata dakika mbili. Hili lilianza kujongea baada ya nusu dakika hivi, gari likiwa la baridi kabisa. Kijana alishangaa, kwa sababu kila asubuhi aliiona klachi nzima. Lakini asubuhi alikuwa anaikanyaga haraka. Raba iliyochoka ukiisukuma ghafla, mafuta yanaufungua mdomo wake na unaziba. Ukiisukuma taratibu, mdomo haupanuki, mafuta yanapita kando. Ndiyo maana kupampu kulimsaidia, na ndiyo maana foleni, yenye kanyago la polepole na la kushikilia, ndiyo iliyomuumbua.

Lilibaki swali la kwa nini. Masta huchoka, ni kweli, na hii ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini kama ni ya kiwandani. Lakini jibu jingine lilikuwa linanitazama tangu intakula itoke, na Jumatatu ile ya kwanza sikuwa nimelipa uzito. Turbo ya gari hili iko upande wa kulia nyuma ya injini. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, upande huo huo ndio wa masta ya klachi na paipu yake. Kiwanda kilifunika turbo kwa bati la kukinga joto. Hapa bati halikuwepo. Mmiliki wa kabla aliweka bomba pana la ekzosi, bomba halikukaa vizuri na bati, na bati likaachwa pembeni. Gari likaendelea kutembea hivyo, turbo ikiwa uchi, ikiunguza paipu ya mpira na masta kila jioni. Joto ndilo lililoivisha raba na kuyapika mafuta mpaka yakawa meusi. Nilipaswa kulisema siku ya kwanza. Nililiona nikafikiri ni suala la kelele na nguvu za injini.

Tukatoa masta. Nilipoitoa pistoni, mdomo wa raba ya mbele ulikuwa na sehemu ya upana wa kucha ambayo haikuwa duara tena. Ilikuwa bapa, inang'aa, ngumu kama plastiki. Ukiibonyeza kwa kidole haibonyei. Kisha nikapitisha kijiti cha kiberiti chenye pamba ndani ya silinda. Pamba ilikwaruza mahali pawili, upande wa chini. Nilipomulika niliona vishimo vidogo vilivyoliwa na maji, pale hasa pistoni inapofanya kazi muda mwingi.

Hapo tulibishana kidogo. Raba peke yake zinapatikana Shauri Moyo kwa bei ndogo, na kijana, ambaye mfuko ulikuwa umechoka, alitaka hizo. "Kaka, si raba ndiyo mbovu? Tuweke raba." Nilimpa kile kijiti apitishe mwenyewe. Alipousikia mkwaruzo alielewa. Raba mpya juu ya vishimo huchanwa ndani ya wiki chache, na nikisugua silinda kwa msasa mpaka vishimo viishe, upana wake umeshabadilika na raba haitaziba. Raba peke yake ni tiba nzuri pale silinda inapokuwa safi kama kioo. Hapa ilikuwa kupoteza fedha kwa mara ya pili. Tulinunua masta mpya.

Paipu ya mpira niliibadilisha pia, na nasema wazi kwamba haikuwa na kosa lililothibitika. Niliipasua baadaye kwa wembe kuangalia: kwa ndani ilikuwa nzima. Kwa nje mpira ulikuwa umepasuka-pasuka kama udongo wa mbuga, upande unaotazama turbo. Sikutaka kuirudisha hapo. Ile mpya niliivisha soksi ya kukinga joto, ile yenye rangi ya fedha. Bati la turbo tulilipata la mtumba, kutoka kwenye gari lililokatwa. Matundu matatu kati ya manne yalikubali na lile bomba pana, yakatosha kulishika lisitetemeke. Slevu ilikuwa nzima, haina unyevu chini ya kifuko chake, nikaiacha.

Kutoa upepo kulitaka uvumilivu. Masta mpya ikiwekwa kavu, hewa hujificha mle ndani na kwenye vipinda vya paipu, na pampu ya kawaida ya mguu huizungusha bila kuitoa. Masta niliijaza mafuta nikaipampu mezani kwanza, kwa bisibisi, mpaka ikaacha kutoa povu, ndipo nikaifunga. Kisha tulifungua bolti mbili za slevu, tukaiinua ili nipeli iwe juu kuliko sehemu nyingine zote, huku fimbo yake imesukumwa ndani na kushikiliwa kwa mkono. Ukiisahau fimbo hiyo na mtu akakanyaga pedeli, pistoni inaruka nje na kazi inaanza upya. Shanga za mwisho zilitoka hapo. Mafuta yaliyomwagikia kwenye rangi tuliyaosha papo hapo kwa maji mengi.

Jambo moja nililikataa. Kijana aliomba klachi ikamate juu zaidi, "kama ya mashindano". Hilo hufanywa kwa kurefusha fimbo ya masta, na ni hatari kuliko inavyoonekana. Pistoni ya masta, mguu ukiwa hauko, lazima irudi nyuma kabisa ili ifungue tundu dogo linaloiunganisha na kikopo. Mafuta yakipata joto yanatanuka na kupumulia kwenye tundu hilo. Fimbo ikiwa ndefu mno, tundu linabaki limezibwa, mafuta yanayotanuka hayana pa kwenda, yanasukuma slevu taratibu, na klachi inaanza kuteleza barabarani bila dereva kugusa chochote. Ile seti mpya ya klachi ingeungua ndani ya mwezi. Nilimwachia uchezi wa milimita tano hivi kwenye pedeli, unaousikia kwa kidole kabla fimbo haijagusa pistoni.

Fimbo ya slevu, baridi: milimita 14. Moja zaidi ya mwanzo, kwa sababu ile 13 ya Jumatatu ya kwanza, niliyoiona nzuri wakati ule, tayari ilikuwa imepunguzwa na raba mbovu.

Ijumaa iliyofuata niliingia naye garini saa kumi na moja jioni, kiti cha abiria, rula mfukoni. Posta, Morocco, Mwenge. Foleni ilikuwa ya kawaida ya Ijumaa, bodaboda wanapita pande zote, joto la lami linaingia dirishani. Nilimwomba aikanyage vibaya makusudi: polepole, aishikilie gia ya kwanza kila tunaposimama, kitu ambacho siku nyingine ningemkataza kwa sababu kinachosha beringi. Saa moja na dakika kumi. Pedeli ilipanda kila mara na mguu wake. Tuliegesha kando baada ya Mwenge, tukatoa intakula kwa mwanga wa simu, injini ikiwa bado inachoma. Milimita 14.

Alirudi miezi minne baadaye kwa ajili ya oili ya injini. Nilifungua kikopo cha klachi: mafuta rangi ya asali nyepesi, unaona chini. Bati la turbo lilikuwa limelegea bolti moja, nikaikaza. Ile klachi pleti ya zamani bado alikuwa nayo kwenye buti, na safari hii aliniachia. Ipo kwenye rafu yangu imefungwa kwenye gazeti lile lile, ikisubiri WRX nyingine inayoihitaji kweli.